Bwawa la Topesumu: Nani Anaishi Chini Yake?

Mama mmoja aliniuliza hapa zahanati ya Kenyamonta: "Daktari, nikichemsha maji ya mto, sumu ya mgodi itakwisha?"

Jibu ni hapana. Kuchemsha huua vijidudu vya kuhara. Lakini sumu ya madini, kama arseniki, haifi kwa moto. Maji yakipungua sufuriani, sumu hubaki.

Sumu hii hutoka wapi? Mgodini mawe husagwa kama unga. Huchanganywa na maji na sayanaidi ili dhahabu itoke. Tope linalobaki huwekwa katika bwawa lenye ukuta mkubwa. Hilo ndilo bwawa la topesumu.

Mgodi wa North Mara, kule Nyamongo, unalo bwawa hilo. Mei 2019 Baraza la Mazingira, NEMC, liliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu bwawa lilivuja. Mto Tigithe hupita karibu na mgodi, kisha huingia Mto Mara.

Ukuta pia huweza kupasuka. Novemba 2022 ulipasuka ukuta wa bwawa la mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga. Tope liliingia katika nyumba na mashamba. Hakuna aliyekufa. Lakini Brumadinho, nchini Brazil, Januari 2019, walikufa watu wapatao 270.

Mwaka 2020 ulitolewa mwongozo wa dunia unaopanga mabwawa haya katika madaraja 5. Daraja la chini: hakuna watu chini ya bwawa. Daraja la juu kabisa: watu zaidi ya 1,000 wamo hatarini. Daraja halisemi kama ukuta ni imara. Linasema nani ataumia ukipasuka. Kwa hiyo, mkijenga nyumba mpya bondeni, hatari huongezeka hata kama ukuta ni uleule.

Fanya haya:

1. Chota maji ya kunywa kisimani palipopimwa.
2. Ukiona samaki wamekufa mtoni, usiwale. Zuia ng'ombe wasinywe.
3. Ukiona ufa ukutani, au maji ya tope yakitoka chini ya ukuta, mwambie mwenyekiti wa kijiji siku hiyohiyo.
4. Ukuta ukipasuka, kimbilia mlimani. Usifuate mto. Usirudi kuchukua mali.

Katika mkutano wa kijiji ulizeni: bwawa ni la daraja gani? King'ora kiko wapi? Tukimbilie wapi?

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na uhai ukipotea haujengwi tena.