Mbwa anavumilia fufu, paka hapana

Wandugu wachimbaji na wamama wa nyumba, sisi wa sendika tunadai kila siku mshahara wa kutosha. Na hawa je? Hapa Kisangani mbwa analinda shimo na nyumba, paka analinda gunia la mchele, lakini posho yao mara nyingi ni fufu tupu.

Mbwa anavumilia. Tumbo lake linasaga muhogo na mchele, mradi tutie juu yake ndakala kidogo, yai ama matumbo ya kuku. Muhogo mchungu usiolowekwa una sumu, kwake kama kwa mtoto.

Paka hapana. Mwili wake hautengenezi taurini ya kumtosha, na hiyo iko mu nyama na samaki. Akiikosa muda mrefu macho yanakufa, moyo unachoka. Eti panya watamtosha! Panya wakiisha je? Tumpikie kichwa cha samaki, tutoe miiba mikubwa.

Mama, toa sehemu yao mbele ya kutia vitunguu: vinaharibu damu yao. Mifupa ya kuku iliyopikwa inavunjika kama sindano, inatoboa utumbo. Na maji safi kila siku, hata kama bidoni tunainunua.