Asali: Chakula Kizuri, Lakini Si cha Mtoto Mchanga

Msimu wa kurina ukifika huko Kitui, Mwingi, Baringo na Pokot Magharibi, chupa za asali hupangwa kando ya barabara, nyingine za rangi ya dhahabu, nyingine nyeusi kama chai ya rangi. Kwa watu wa sehemu kavu asali si utamu tu. Ni karo ya watoto, ni heshima ya mgeni, na katika jamii kadhaa ni sehemu ya mahari.

Lakini kuna maneno mengi yanayosemwa juu ya asali, mengine ya kweli, mengine ya kudhuru. Tumeonelea tuyachambue moja baada ya jingine.

Kwa nini asali haiozi?

Nyuki hunyonya maji matamu ya maua, huyatia kimeng'enya kutoka mwilini mwake, na wakiwa mzingani huyapepea kwa mabawa mpaka yakauke. Yakiiva, huyafunika kwa nta. Asali iliyoiva ina sukari karibu asilimia 80, na maji chini ya asilimia 20. Tena ina uchachu kidogo. Kwa hivyo vijidudu vingi haviwezi kuzaana ndani yake.

Mrina asali mwenye haraka akikata masega ambayo hayajafunikwa kwa nta, maji huwa mengi, na baada ya muda asali huchacha na kutoa povu. Hiyo si kosa la nyuki, ni letu.

Inatusaidiaje mwilini?

Tuseme ukweli. Asali huupa mwili nguvu ya haraka, lakini vitamini na madini yake ni kidogo sana. Kijiko kimoja kikubwa kina kalori 60 hivi. Mgonjwa wa kisukari asidanganyike ati asali ni tofauti na sukari. Ikiingia mwilini nayo hupandisha sukari ya damu. Pia hung'ang'ania kwenye meno, kwa hivyo watoto wapige mswaki kabla ya kulala.

Mahali ambapo asali imeonyesha faida ni kwenye kikohozi cha mafua. Mwaka 2007 watafiti wa Pennsylvania, Marekani, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto 105 waliokuwa wakikohoa usiku. Waliopewa asali kabla ya kulala walikohoa kidogo na kulala vizuri kuliko wale ambao hawakupewa kitu. Kiasi chenyewe ni hiki: mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, nusu kijiko cha chai, wa miaka 6 hadi 11, kijiko kimoja cha chai, kuanzia miaka 12, viwili.

Hata hivyo asali hutuliza koo tu, haiponyi nimonia. Mtoto akipumua haraka haraka, kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunywa au kunyonya, mpeleke hospitali mara moja. Usingoje asali ifanye kazi.

Na mtu akiungua moto je? Hospitali zingine hutumia asali kwenye vidonda, lakini hiyo ni asali maalum iliyouliwa vijidudu. Ile ya jikoni tuiache. Mwagia mahali palipoungua maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha uende kliniki.

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asilambishwe

Hapa tunawaomba akina mama, akina baba na hasa akina nyanya watusikilize vizuri. Katika nyumba nyingi mtoto akizaliwa hulambishwa asali kidogo kwa kidole, ati kumkaribisha duniani au kumtuliza tumbo. Wengi wetu tumeona hivyo tangu kitambo. Nia ni njema, lakini desturi hii ni ya hatari.

Asali, hata iliyo safi kabisa, inaweza kuwa na mbegu za kijidudu ambazo hazionekani kwa macho. Tumbo la mtu mzima huzishinda. Tumbo la mtoto mchanga halijakomaa, kwa hivyo mbegu huota humo na kutoa sumu inayolegeza misuli. Madaktari huita ugonjwa huo botulizimu. Mtoto hukosa choo siku kadhaa, hunyonya kwa udhaifu, hulia kwa sauti ndogo, kope zikaanguka na shingo ikalegea. Mwishowe hata kupumua kunaweza kumshinda. Si ugonjwa wa kila siku, lakini ukiona dalili hizi kimbia hospitali, na useme wazi kama alilambishwa asali.

Kuchemsha asali au kuitia katika uji hakusaidii, kwa maana mbegu hizo hazifi kwa moto wa jikoni. Miezi 6 ya kwanza mtoto apewe maziwa ya mama peke yake. Asali ingoje mpaka atimize mwaka mmoja.

Asali jikoni

Kwa sisi wengine, matumizi ni mengi:

Uji wa wimbi. Pika uji, uepue, kisha utie asali badala ya sukari. Ukiipika sana hupoteza harufu yake nzuri.

Kinywaji cha tangawizi. Ponda tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, chemsha katika vikombe viwili vya maji kwa dakika 10. Chuja, uache ipoe kidogo, ukamulie nusu ya limau na utie vijiko viwili vya asali.

Kuku wa kuchoma. Changanya vijiko viwili vikubwa vya asali, maji ya limau, kitunguu saumu na chumvi. Mpake kuku anapokaribia kuiva, maana asali huungua upesi.

Keki na mkate. Mahali pa kikombe kimoja cha sukari tia robo tatu ya kikombe cha asali, upunguze maji au maziwa vijiko vitatu vikubwa. Tumia moto mdogo kuliko kawaida.

Kununua na kuweka

Asali ikiganda, usiseme umeuziwa sukari. Kuganda ni tabia yake. Weka chupa ndani ya maji ya moto kiasi, itayeyuka. Na yale majaribio ya kuwasha kiberiti au kuidondosha majini si ya kuaminika. Afadhali kununua kwa mfugaji au kikundi unachokijua. Iweke katika chupa kavu yenye kifuniko cha kubana, kwa sababu huvuta unyevu.

Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Basi tule kwa kiasi, tuwape wakubwa na watoto waliotimiza mwaka, na yule mchanga tumwachie ziwa la mamake.