Parseli haina chini

Mimi ni mwanasheria. Wiki hii ameniuliza mtu wa nne, na wote wanne walikuwa wamekwisha kutoa arbuni: "Metre, nikinunua parseli katika kartie ya Kasulo, madini ya chini yanakuwa yangu, sivyo?"

Hapana. Si yako, si ya aliyekuuzia, wala hayakuwa ya babu yake. Wa kwanza nilimjibu kwa upole.

Huyu wa nne, papa wa makamo, alinifungulia karatasi ya daftari la shule iliyokunjwa mara nne. Ndani yake kulikuwa na bei kwa dola, alama mbili za vidole, muhuri wa shefu wa kartie uliofifia, na maelezo ya mali: "nyumba ya vyumba vitatu, mwembe mmoja, shimo la mita 12." Shimo limeorodheshwa kama sebule! Nikamwuliza: Papa, bila shimo ungelipa ngapi? Akacheka. Hata robo asingetoa.

Basi tusikilizane. Sheria ya ardhi ya 1973 inasema ardhi yote ya Kongo ni mali ya taifa; raia hupewa haki ya kuitumia, na haki hiyo huthibitishwa na cheti cha usajili. Sheria ya Madini ya 2002, iliyorekebishwa Machi 2018, inasema katika kifungu cha 3 kwamba madini nayo ni ya taifa, na kwamba haki juu yake ni kitu tofauti na haki juu ya ardhi. Kwa hiyo hata cheti halali kabisa, chenye saini ya konsevateri, mtunza daftari la hati za ardhi, kinalinda kuta zako na mwembe wako. Heterojeniti, madini ya kobalti, iliyo chini ya kitanda chako hakiigusi. Na ile karatasi ya daftari? Hiyo hata mwembe hailindi vizuri.

"Lakini Metre, mbona wote walichimba?" Walichimba, ndiyo. Mwaka 2014 mkazi mmoja alikuta madini ndani ya parseli yake, na haikuchukua muda sakafu za vyumba zikavunjwa, mashimo yakafunikwa plastiki, mwenye nyumba akawa anangoja fungu lake mlangoni. Jambo likifanywa na kila mtu kila siku, watu huanza kuliita haki. Uchimbaji wa mikono una maeneo yake yaliyotengwa, una kadi, na mchimbaji anatakiwa awe ndani ya koperative iliyoidhinishwa. Chumba cha kulala hakijawahi kutengwa na waziri yeyote. Ndiyo maana mwaka 2017 sehemu ya Kasulo iliweza kukabidhiwa Congo Dongfang, tawi la kampuni ya Huayou ya China. Mamia ya familia zikahamishwa, ukuta ukapanda. Mwenye parseli anayeondolewa ana haki ya kudai fidia ya ardhi, nyumba na miti. Tani za kobalti alizoziota usiku hazimo katika hesabu hiyo.

Makomisioneri, madalali wa nyumba, hupenda kusema mauzo ya nyumba yanajenga kartie. Yanajenga, ikiwa kinachouzwa ni nyumba. Mwenye nyumba anayejua hatafukuzwa kesho hushika jembe pamoja na jirani kuzibua mfereji, huingia likelemba, mchango wa zamu, bila watu kuhofia atatoroka na zamu yake, hugombana na mwalimu mkuu kuhusu choo cha shule. Mnunuzi wa shimo jirani wa nini? Handaki lake linapita chini ya jiko la jirani huyo, na vumbi lake linaingia kwenye sufuria. Watafiti wa Lubumbashi na Leuven walichapisha mwaka 2018 vipimo vya watu wa Kasulo: kobalti kwenye mkojo, nyingi zaidi kwa watoto.

Mimi huiona Kasulo ya miaka ile kama ghorofa iliyopinduliwa, ngazi zikishuka badala ya kupanda, kuta za pamoja ziko gizani na hakuna aliyekubaliana na mwenzake juu ya nguzo. Ghorofa ya kweli huwa na kanuni: Tanzania ilitunga sheria mwaka 2008 kwa ajili ya wanaomiliki sehemu za jengo moja: wanaunda umoja wao, wanachangia paa na ngazi. Huko hakuna anayevunja sakafu kwa sababu ameilipia.

Bado unataka kununua? Haya, haraka. Omba nakala ya cheti, ukaihakikishe mwenyewe kwa konsevateri, usitume komisioneri. Angalia ramani ya Kadastra ya Madini uone kama eneo limo ndani ya kibali cha mtu. Mume na mke wa upande wa muuzaji wasaini wote wawili. Kama ni mali ya urithi, warithi wote. Lipa benki. Usikae na mkataba kabatini: jina lisipobadilishwa kwenye daftari la konsevateri, hujamaliza kununua. Kama kuna shimo, hata lililofukiwa, lete fundi apime sakafu na bei ishuke. Bei ishuke, narudia, maana shimo ni hasara.

Papa yule aliondoka na karatasi yake, amekasirika. Arbuni haijarudi.