Sekondari na Ufundi kwa Pamoja: Mkondo wa Amali na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi

Mzazi wa Kata ya Kisaka ambaye mtoto wake anahitimu elimu ya msingi amezoea kuuliza swali moja: mtoto amepangiwa shule gani? Sasa linafuata la pili: katika mkondo upi? Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeigawa elimu ya sekondari hatua ya chini katika mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Mkondo wa amali ulianza Januari 2024 kwa wanafunzi wa kidato cha kwanza katika shule chache nchini.

Amali si adhabu ya walioshindwa darasani, ingawa dhana hiyo ingali inasikika. Mwanafunzi husoma Hisabati, Kiingereza, Elimu ya Biashara na Historia ya Tanzania na Maadili, huku akijifunza fani kama vile ujenzi, umeme, ushonaji, kilimo au ufugaji. Hupimwa na vyombo viwili: Baraza la Mitihani (NECTA) kwa masomo ya jumla, na NACTVET, linalosimamia mafunzo ya ufundi, kwa fani yake. Anayefaulu hupata vyeti viwili. Walioanza mwaka 2024 watafika kidato cha nne mwaka 2027.

Faida yake huonekana zaidi kwa familia inayouza ng'ombe ili kulipa ada. Chini ya utaratibu wa zamani, kijana aliyemaliza kidato cha nne bila alama za kuendelea alirudi nyumbani, kisha akaanza ufundi chuoni kutoka ngazi ya kwanza, kwa gharama mpya.

Ugumu umo katika uratibu. Fani haifundishwi kwa ubao na chaki: umeme unahitaji karakana, ushonaji unahitaji cherehani, na vyote vinahitaji mkufunzi aliyesomea kazi hiyo. Shule isiyo na karakana ikitegemea ya chuo, pande zote mbili hazina budi kukubaliana mapema kuhusu siku za vitendo, anayeandika mahudhurio, anayenunua vifaa vinavyotumika na kwisha, na anayewajibika kwa mwanafunzi akiwa njiani. Suala la njia si dogo. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vya Mkoa wa Mara viko Tarime, Musoma na Kisangwa wilayani Bunda. Mwanafunzi wa Kisaka hawezi kwenda huko asubuhi na kurudi kwa kipindi cha mchana. Kwa mazingira hayo, bweni lina uzito sawa na karakana.

Kwa hiyo mzazi ana haki ya kumwuliza mkuu wa shule, kabla ya kukubali fani yoyote, iwapo shule imesajiliwa pia kwa mafunzo ya ufundi, nani anafundisha vitendo, na wapi. Usajili ndio wa kutangulizwa, kwani pasipo usajili huo cheti cha pili kimo mashakani hata mwanafunzi awe hodari namna gani. Afisa Elimu Kata ndiye wa kuonwa kwanza pale majibu yanapokosekana.

Vyuo hivyo, vilivyoanzishwa kuanzia mwaka 1975 na ambavyo sasa ni 54 nchini, vina mlango mwingine usiojulikana sana. Kupitia programu ya Elimu Haina Mwisho, wasichana na wanawake vijana waliokatiza masomo, wakiwamo waliopata ujauzito, husoma masomo ya sekondari chuoni hapo hapo wanapojifunza ufundi. Hatua ya Serikali ya Novemba 2021 iliwafungulia wasichana hao pia njia ya kurudi katika shule za kawaida. Hata hivyo, kwa mama mwenye mtoto wa kunyonya chuo hufaa zaidi, kwa kuwa programu hiyo inaambatana na malezi ya watoto wadogo: mama akiwa darasani au karakanani, mwanawe huwa katika kituo cha malezi jirani.