Habari Iliyopita Juu ya Kasongo

Enzi za mfanyabiashara Tippu Tip, msafara uliotoka Kasongo kwenda pwani ulishika njia ya Kabambare, ukavuka Ziwa Tanganyika, ukapumzika Ujiji, ukapumzika tena Tabora, na ukaiona bahari baada ya miezi. Njia hiyo ndiyo iliyotuletea Kiswahili. Kati ya 1996 na 2002 alikuwapo msafiri mwingine aliyeelekea mashariki kama misafara ile. Alilipita anga la Maniema ya kusini mara nyingi kwa siku, na kutoka usawa wa Kasongo hadi usawa wa Malindi alitumia muda usiofika dakika 4. Alikuwa setilaiti, BeppoSAX kwa jina, iliyotengenezwa na Waitalia wakishirikiana na Waholanzi, ikizunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 600 hivi. Ilibeba habari iliyomaliza ubishi wa wanasayansi wa miaka zaidi ya ishirini. Naisimulia kwa watu wa Lusangi, Kasongo na Kabambare kwa sababu anga lililoipitisha habari hiyo ni lao.

Ubishi wenyewe ulihusu milipuko ya miale ya gama. Miale ya gama ni nuru, ila ni nuru yenye nguvu kupita zote, na jicho haliioni. Hewa ya dunia huizuia isifike chini, jambo ambalo ni rehema kwa viumbe na kikwazo kwa watafiti: atakayeitafuta lazima apeleke chombo juu ya hewa. Waliotangulia kufanya hivyo hawakuwa wakitafuta nyota. Mwaka 1963 Marekani, Urusi ya Kisovieti na Uingereza zilikubaliana kuacha majaribio ya mabomu ya nyuklia angani, na Wamarekani wakarusha setilaiti za Vela kuchunguza kama kuna anayevunja mkataba kwa siri. Tarehe 2 Julai 1967 Vela zilinasa mwako wa gama usiofanana na wa bomu lolote. Ikaja mingine. Ray Klebesadel na wenzake wa maabara ya Los Alamos walilinganisha tofauti ndogo za wakati baina ya setilaiti moja na nyingine, wakathibitisha kwamba miwako hiyo haitoki duniani wala kwenye jua. Walitangaza mwaka 1973. Habari ilikuwa imechukua miaka sita kutoka kwenye kifaa hadi kwa wasomaji.

Ucheleweshaji huo ndio kiini cha mambo yote yaliyofuata. Mlipuko wa gama huwaka kwa sekunde chache, pengine dakika moja au mbili, kisha huzimika na haurudi mahali pale tena. Ukipata habari kesho, umekosa. Na hata aliyepata habari mapema hakujua aangalie wapi, maana miale ya gama haikubali kupindwa na kioo wala lenzi kama nuru ya kawaida. Kifaa cha BATSE, kilichorushwa na NASA mwaka 1991 ndani ya chombo cha Compton, kilihesabu milipuko 2,704 kwa miaka tisa na kuonyesha kwamba imetawanyika sawasawa pande zote za anga. Lakini kwa kila mlipuko kiliweza tu kutaja eneo pana, lenye maelfu na maelfu ya nyota na galaksi. Mtuhumiwa asingepatikana kwa ushahidi wa namna hiyo. Aprili 1995 wanafalaki wawili, Bohdan Paczyński na Donald Lamb, walisimama mbele ya wenzao mjini Washington kujadili swali ambalo kwa fani nyingine lingeonekana la aibu: je, vitu hivi viko jirani, kandokando ya galaksi yetu, au viko mwisho wa ulimwengu? Walitawanyika bila mshindi.

Hapo ndipo BeppoSAX ilipoingia, na hapo ndipo ikweta yetu ilipoingia nayo. Waliobuni setilaiti hiyo waliipa njia iliyokaribia ikweta, isiyotoka nje ya nyuzi 4 kaskazini na kusini. Walikuwa na sababu mbili. Kwanza, dunia imezungukwa na mikanda ya chembe za umeme zinazosumbua vifaa vya gama, na karibu na ikweta, kwenye kimo kile, usumbufu ni mdogo kuliko mahali pengine. Pili, setilaiti inayoifuata ikweta hupita juu ya kituo kilekile katika kila mzunguko. Kituo chenyewe kipo Ngomeni, karibu na Malindi, pwani ya Kenya, na ndicho pekee kilichoipokea BeppoSAX. Kila baada ya saa moja na nusu na ushei, antena ya Malindi ilikuwa na dakika zipatazo 10 za kushusha kila ilichokiona na kuipa amri mpya. Kasongo iko nyuzi 4 na ushei kusini, kwa hiyo setilaiti ilipita karibu na utosi wake. Tena, kwa kimo kile, antena ya Malindi huanza kuiona setilaiti ikiwa bado juu ya Kongo. Ina maana kwamba wakati inalikata anga la Maniema, BeppoSAX ilikuwa tayari inazungumza na Malindi, ikishusha mzigo wake.

Usiku wa 28 Februari 1997, saa za Maniema zikiwa saa kumi na moja kasoro dakika 2 alfajiri, mlipuko uliwaka upande wa kundi la nyota la Orioni. Huku kwetu Orioni ilikuwa imeshazama magharibi saa kadhaa kabla, na majuma yale vita vya waasi wa AFDL vilikuwa vimeingia jimboni. Watu walikuwa wakisikiliza milio mingine. BeppoSAX iliuona. Vifaa viwili viliuona kwa pamoja: kimoja cha gama kilichopima muda na nguvu, na kingine, kamera pana ya eksirei ya Waholanzi, kilichotaja mahali. Kamera hiyo haikuwa na lenzi. Mbele yake palikuwa na bamba lenye matundu mengi yaliyopangwa kwa namna isiyojirudia, na nyuma yake sahani ya kupokea miale. Aliyelala ndani ya nyumba ya kuta za matete anaelewa hesabu hii: akiyatazama madoa ya mwanga sakafuni anajua jua limefika wapi, bila kutoka nje. Kompyuta ilisoma madoa ya eksirei kwenye sahani na kurudi nyuma hadi kwenye mwelekeo wa chanzo, kwa usahihi wa sehemu ndogo tu ya nyuzi moja.

Data zikashuka Malindi, zikapelekwa Roma. Enrico Costa na wenzake wakaamua kuigeuza setilaiti nzima iuelekee mlipuko kwa darubini zake nyembamba za eksirei, na amri ikapanda kupitia antena ileile ya pwani. Zilipopita saa 8 baada ya mlipuko, darubini zilikuwa zikitazama, na pale palikuwa na kitu kinachowaka. Waliporudi kutazama tarehe 3 Machi kilikuwa kimefifia karibu mara 20. Hayo yalikuwa masalia ya moto wa mlipuko, yaliyoonwa na binadamu kwa mara ya kwanza. Jan van Paradijs na wanafunzi wake waligeuza darubini ya William Herschel, kule visiwa vya Canary, wakapata nuru ya kawaida inayofifia mahali palepale. Miezi miwili baadaye, tarehe 8 Mei, BeppoSAX ilinasa mlipuko mwingine, na safari hii darubini ya Keck huko Hawaii ilipima umbali wake: mabilioni ya miaka ya nuru. Paczyński, aliyetetea kwamba viko mbali, alikuwa sahihi. Milipuko iko mbali mno, na ili ionekane kutoka kule lazima kila mmoja utoe kwa sekunde chache nishati ambayo jua letu litaitoa kwa maisha yake yote ya miaka bilioni 10.

Mlango uliofunguka kwa kuharakisha habari, kutoka miaka sita hadi saa nane, ulipitisha mengi. Aprili 1998 mlipuko mmoja ulikutwa pamoja na supanova, yaani nyota kubwa inayokufa kwa kupasuka, na tangu hapo tunajua asili ya milipuko mingi mirefu: kiini cha nyota nzito huanguka ndani yake, mara nyingi kikaacha shimo jeusi, na mishale miwili ya mata hupenya nje kwa kasi inayokaribia ya nuru. Tunauona mlipuko pale tu mshale mmoja unapotuelekea.

Vitabu vingi vya sayansi husimulia haya kama mambo ya Roma, Amsterdam na California, na Malindi ikitajwa huwa ni kwa neno moja, kituo. Naona hiyo ni dhuluma kwa msomaji wa Afrika. Pale Ngomeni, profesa Luigi Broglio wa Italia alisimika majukwaa ya San Marco baharini, na kati ya 1967 na 1988 setilaiti tisa zilirushwa kutoka hapo. Moja, iliyoruka tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilipewa jina la Uhuru, na ndiyo iliyochora ramani ya kwanza ya anga la eksirei. Nyingine, SAS-2, iliruka tarehe 15 Novemba 1972 na kwa miezi saba, kabla umeme wake haujaharibika, iliwapa wanasayansi picha ya kwanza yenye maana ya anga la gama.  Hili la Ngomeni watoto wetu wangepaswa kulijua.

Baada ya BeppoSAX ikaja Swift ya NASA, Novemba 2004, ambayo nayo imekuwa ikishusha data zake Malindi. Inatumia ujanja uleule wa bamba lenye matundu, ila bamba lake lina vipande vya madini ya risasi zaidi ya 50,000, na haingoji amri ya mtu: kompyuta yake ikishajua mwelekeo, chombo kinajigeuza chenyewe, na kwa muda wa kama dakika moja hadi mbili darubini zake za eksirei na nuru zinatazama. Aprili 2009 ilinasa mlipuko ambao nuru yake ilianza safari miaka bilioni 13 iliyopita, wakati ulimwengu ulikuwa mchanga sana.

Kuna milipuko mingine, mifupi, isiyofika sekunde 2, na hiyo inamgusa moja kwa moja mchimbaji wa dhahabu wa Salamabila na Namoya. Tarehe 17 Agosti 2017, saa nane na dakika 41 mchana kwa saa zetu, mitambo ya LIGO na Virgo ilihisi mawimbi ya mvutano ya nyota mbili za nyutroni, yaani mabaki mazito ya nyota zilizokufa, zikigongana. Sekunde 1.7 baadaye setilaiti ya Fermi ikanasa mlipuko mfupi wa gama. Tukio lilikuwa kwenye galaksi ya NGC 4993, umbali wa miaka ya nuru milioni 130. Darubini nyingi duniani ziligeukia pale, na katika rangi za mabaki, jinsi zilivyokuwa zikibadilika siku hadi siku, zilionekana dalili za elementi nzito zikizaliwa: jamii ambayo dhahabu na platini ni sehemu yake. Nyota za kawaida haziwezi kutengeneza dhahabu nyingi katika matumbo yao. Moto wao hufika kwenye chuma na kukwama. Utafiti wa mwaka 2025 umeongeza chanzo kingine, miwako ya nyota za nyutroni zenye sumaku kali, ambayo huenda ikawa imechangia hadi sehemu moja ya kumi. Lakini mgongano wa nyota za nyutroni ndio chanzo tulichokishuhudia kwa macho. Punje inayobaki chini ya beseni baada ya mchanga kuoshwa kwenye kijito cha Kabambare ina umri mkubwa kuliko jua. Ilitapikwa na vurugu ya namna hiyo kabla dunia haijawapo, ikachanganyika na wingu lililotuzaa, na milima ya Namoya ikaitunza. Mtu anayeiuza na kupunjwa kwa gramu anastahili kujua kwamba ameshika kitu cha ukoo huo.

Wala athari za milipuko hii hazibaki mbali siku zote. Tarehe 9 Oktoba 2022, saa tisa na dakika 17 alasiri kwa saa za Maniema, ulifika mlipuko mkali kuliko wowote uliowahi kurekodiwa. Wanasayansi wanakadiria kwamba wa aina hiyo huja mara moja katika miaka 10,000. Nuru yake ilikuwa imesafiri karibu miaka bilioni 2. Hata siku hiyo habari ilisuasua: Fermi ilikuwa ya kwanza kuunasa, lakini tangazo lake lilichelewa, na Swift ilipoyaona masalia saa moja baadaye, watu walidhani ni nyota fulani ya galaksi yetu. Safari hii chanzo kilikuwa juu ya upeo wetu, upande wa kaskazini-mashariki, karibu nusu ya njia kutoka upeo hadi utosi. Miale yake ilipiga hewa ya juu ya Kasongo na Kabambare kama ilivyoipiga ya India na Ulaya, na ionosfia, yaani tabaka la hewa hiyo lenye chembe za umeme, ikatikisika kiasi cha kuonekana kwenye vipimo vya redio za masafa ya chini sana.

Redio hizo ndizo zinazonipa la kuwaambia walimu wa fizikia wa institi za Kasongo na Kabambare. Majeshi ya majini huwasiliana na manowari kwa mawimbi marefu yanayosafiri chini ya ionosfia, na mawimbi hayo hubadilika nguvu kila ionosfia inapoguswa. Chuo Kikuu cha Stanford kina mpango wa kuwawezesha wanafunzi kuyapima kwa kifaa kiitwacho SuperSID: fremu ya mbao ya upana wa kama mita moja, waya uliozungushwa juu yake mara nyingi, kikuza mawimbi kidogo, na kompyuta yenye kadi nzuri ya sauti. Fremu iwekwe mbali na jenereta na waya za umeme, kompyuta iendeshwe kwa sola, na mstari wa nguvu ya wimbi uandikwe mchana na usiku. Kazi ya kila siku itakuwa milipuko ya jua, ambayo huurusha mstari huo mchana kweupe, na wanafunzi watajifunza kuitambua kwa saa na dakika. Rekodi zitunzwe zenye tarehe sahihi, ili siku setilaiti zitakapotangaza mlipuko mkubwa wa gama, darasa lifungue faili lake na kutafuta dakika ileile.