Je, Wajua? Masisi, Walikale na sakafu ya bahari

Je, wajua kwamba ukipanda gari kutoka Sake kwenda Mushaki unapanda ukingo wa kitu ambacho huenda siku moja kikawa bahari? Huku mashariki ya Kongo, kutoka Goma hadi Sake ni kama kilomita 25 za tambarare juu ya lava nyeusi, Ziwa Kivu likiwa mkono wa kushoto. Sake ikiisha, mlima unasimama ghafla mbele yako. Fuso linaingia gia ya kwanza, utingo anaruka chini na gogo lake tayari kuliegemeza nyuma ya tairi, na baada ya kona kadhaa baridi inaanza kuuma, ng'ombe wanaonekana malishoni, na unajua umeingia nchi ya fromaji, yaani jibini. Ukuta huo uliopanda ni ubavu wa tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Gamba la dunia likivutwa huku na huku, katikati hudidimia na kingo huinuka. Goma na Sake zimekaa palipodidimia. Milima ya Masisi imekaa palipoinuka.

Je, wajua kwamba mvua nyingi inayonyesha Masisi hailioni Ziwa Kivu hata kidogo? Ukingo ulipoinuka uliinamia nje. Ukishavuka mgongo wa milima, maji yanaligeuzia ziwa kisogo: yanaingia Mto Lowa, yanapita Walikale, yanakutana na Lualaba kusini ya Ubundu, kisha yanashuka na Mto Kongo mpaka Atlantiki. Mkulima anayelima viazi mahali ambapo ziwa liko karibu hata anaweza kuliona, maji ya shamba lake huenda yakasafiri hadi upande wa pili wa bara.

Na kasi ya kupasuka? Vipimo vya GPS vinaonyesha kwamba eneo la Kivu linapanuka kwa takriban milimita 2 kwa mwaka. Tangu uhuru wa Kongo wa tarehe 30 Juni 1960, basi, milima ya Masisi na ile ya Rwanda imeachana kwa sentimita 13 hivi. Mengine yaliyozitenganisha Kongo na Rwanda tangu wakati huo si kazi ya jiolojia.

Je, wajua kwamba Masisi na Kigali haziko juu ya bamba moja? Gamba la dunia limekatika vipande vikubwa viitwavyo mabamba, na vyote vinatembea. Masisi na Walikale zimo ndani ya bamba la Nubia, lililobeba sehemu kubwa ya Afrika. Ng'ambo ya Ziwa Kivu linaanza bamba dogo la Viktoria, lililobanwa kati ya matawi mawili ya Bonde la Ufa, nalo linazunguka polepole kinyume na mwendo wa saa. Mashariki zaidi, Mombasa na Mogadishu ziko juu ya bamba la Somalia. Goma, kwa bahati yake, imejengwa kwenye mshono.

Sakafu ya bahari yenyewe huzaliwaje? Bara likivutwa kwa muda mrefu, gamba lake hupungua unene. Chini ya mabara gamba hilo lina kilomita 35 hadi 40 kwa kawaida. Likiendelea kupungua, mwamba wa moto ulio chini yake hupunguziwa uzito, huyeyuka kidogo, hupanda, na kuziba ufa kwa jiwe jipya jeusi liitwalo basalti. Ufa ukifunguka tena, jiwe jingine linaingia. Mwishowe pande mbili za bara zinakuwa zimeachana kabisa, na kati yake kuna gamba jipya lenye unene wa kilomita 7 tu. Kwa kuwa ni jembamba na zito, gamba hilo hukaa chini, na maji ya bahari hulifunika. Bahari ya Shamu imekwisha kufika hatua hiyo. Atlantiki ya kusini ilianza kazi hiyohiyo miaka milioni 130 hivi iliyopita, Afrika ilipoagana na Amerika ya Kusini.

Kama Kivu ni mwanafunzi wa darasa la kwanza, Afar ya Ethiopia inakaribia kumaliza. Septemba 2005, katika eneo la Dabbahu, ardhi ilifunguka kwa urefu wa kilomita 60 na mahali pengine kwa upana wa mita 8, yote hayo ndani ya wiki chache. Kwa mwendo wa Kivu, mita 8 ni kazi ya miaka 4,000.

Je, wajua kwamba sakafu ya Ziwa Kivu iko juu zaidi ya usawa wa bahari kuliko vilele vya milima mingi? Uso wa ziwa uko mita 1,460 juu ya bahari, na kina chake ni mita 485 hivi. Ukikausha ziwa lote ukashuka mpaka chini kabisa, bado utakuwa juu ya bahari kwa mita 975. Tanganyika ni habari nyingine: uso wake uko mita 770 hivi, kina chake mita 1,470, kwa hiyo chini yake ni mita 700 chini ya usawa wa bahari. Anayetafuta mahali ambapo bahari ingeweza kuingia aanzie Kalemie na Kigoma, aache Goma.

Je, wajua kwamba zamani Ziwa Kivu lilikuwa la Nile? Maji yake yalitoka kaskazini, kuelekea Ziwa Edward. Kisha volkano za Virunga zikajijenga katikati ya bonde na kufunga mlango. Maji yakapanda, yakapanda, mpaka yakapata njia ya kusini kupitia Ruzizi, miaka 10,000 hivi iliyopita. Leo yanaingia Tanganyika, yanatoka kwa Lukuga, na kukutana Lualaba na yale maji ya Masisi yaliyokuwa yamelipa ziwa kisogo.

Lava ya Nyiragongo, mojawapo ya volkano hizo za Virunga, ni nyepesi kupita kiasi, kwa sababu ina silika kidogo sana. Basalti ya sakafu ya bahari huwa na silika kama asilimia 50. Ya Nyiragongo haifiki 40 au inagusa hapo. Ndiyo maana tarehe 10 Januari 1977 ilishuka kwa kasi ambayo mtu hawezi kuikimbia kwa miguu. Tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya Goma mpaka ziwani, na baada yake ufuo ukazama kwa makumi ya sentimita: bonde lilikuwa limetanuka. Kwa maneno mengine, mlipuko ule haukuwa mlima peke yake uliochafukwa na tumbo. Ilikuwa Afrika inavutwa.

Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukatoka tena. Jambo la kutisha zaidi lilikuja siku zilizofuata, lava ilipokwisha simama: magma iliendelea kupenya chini kwa chini, ikapita chini ya jiji na kuingia chini ya ziwa, huku matetemeko yakifuatana na nyufa zikifunguka barabarani. Tarehe 27 Mei ikatolewa amri ya kuhama. Mamia ya maelfu walitoka, na wengi walishika njia ya Sake na magodoro vichwani na mizigo juu ya chukudu, vile vigari vya mbao vya kusukuma, wakijaa makanisani na mashuleni. Walikuwa wanakimbia ufa wakielekea ukingoni mwake.

Sake nayo si kwamba haijui lava. Nyamulagira, jirani wa Nyiragongo, ilimwaga kuanzia 1938 hadi 1940, na mkondo wake ukafika mpaka Ziwa Kivu upande huo wa Sake.

Je, wajua kuhusu mazuku? Watu wa Goma na Sake hawahitaji kuelezwa, lakini wasomaji wa mbali wasikie. Gesi ya kabonidayoksaidi inapanda kutoka chini kupitia nyufa za ardhi. Ni nzito kuliko hewa, haina rangi, basi inajikusanya kwenye vibonde na mashimo, hasa alfajiri upepo ukiwa haujaamka. Mbuzi anaingia kula majani hatoki. Mtoto anamfuata mbuzi. Mtu mzima aliyesimama wima anaweza kupita salama mahali ambapo mtoto au aliyeinama anaanguka. Gesi hiyohiyo imejaa ziwani: kiasi cha kilomita za ujazo 300, pamoja na 60 za methani. Upande wa Rwanda methani inachomwa kutoa umeme. Mtambo wa KivuWatt wa megawati 26 ulizinduliwa mwaka 2016. Katika Ghuba ya Kabuno, karibu na Sake, maji yaliyoshiba gesi yanaanza mita kama 12 tu chini ya uso. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi mimi, kuliko Nyiragongo yenyewe.

Matetemeko? Kalehe, tarehe 24 Oktoba 2002, kipimo 6.2. Bukavu na Cyangugu, tarehe 3 Februari 2008, Jumapili, watu wakiwa ibadani.

Je, wajua kwamba jiwe la mgodi wa Bisie, huko Walikale, ni kongwe kuliko karibu sakafu yote ya bahari kuu za dunia? Kasiteriti (jiwe la bati) ya Walikale na koltani (jiwe la tantali) ya Rubaya, huko Masisi, zinatokana na matale yaliyopanda yakiwa moto karibu miaka bilioni 1 iliyopita, ukanda mmoja na bati la Rwanda, la Ankole na la Kyerwa kule Karagwe. Sakafu ya bahari ni vigumu kuipata yenye zaidi ya miaka milioni 200, kwa sababu ikizeeka inapoa, inakuwa nzito, na inazama tena chini ya bamba lingine. Bara halizami kirahisi, kwa hiyo linahifadhi vitu vya kale. Ndani ya simu yako bati la kulehemia na tantali ya vikondensa huenda ni vya umri huo. Bisie ilipoanza kuvuma mwanzoni mwa miaka ya 2000, wabebaji walitembea msituni na gunia mgongoni mpaka barabarani, na pale Kilambo ndege ndogo zilitua juu ya lami yenyewe, magari yakisimamishwa kuzipisha, zikapakia mzigo kwenda Goma. Mgodi wa kisasa wa kampuni ya Alphamin ulianza uzalishaji 2019.

Je, wajua kwamba Bonde la Ufa ndilo lililosaidia kutambua bonde lililo chini ya bahari? Mwaka 1893 Mwingereza J. W. Gregory alilipitia bonde letu huko Kenya na kueleza kwamba ardhi ilikuwa imezama kati ya nyufa mbili. Takriban miaka 60 baadaye, huko New York, Marie Tharp alikuwa akichora ramani ya sakafu ya Atlantiki kwa vipimo vya kina vilivyoletwa na meli, akaona bonde refu katikati ya safu ya milima iliyo chini ya maji. Mwenzake Bruce Heezen alilipuuza mwanzoni, akaliita maneno ya kike. Walipoweka vitovu vya matetemeko juu ya ramani, vilipanga mstari ndani ya bonde lile, na mstari huo ukaendelea kupitia Ghuba ya Aden hadi kwetu. Mwaka 1962 Harry Hess akaeleza mantiki yake: sakafu huzaliwa pale katikati na kusukumwa pembeni. Safu hiyo ya milima ina urefu wa kilomita 65,000 hivi kuzunguka dunia.

Anayetaka kuikanyaga sakafu ya bahari bila kulowa aende Oman. Sehemu kubwa ya Milima ya Hajar, yenye jamaa wengi wanaozungumza Kiswahili chini yake, ni kipande cha sakafu ya bahari cha miaka milioni 95 hivi ambacho badala ya kuzama kilipandishwa juu ya Arabuni. Katika Wadi Jizzi, nyuma ya Sohar, lava iliyogandia ndani ya maji bado imelala kwa mabonge ya mviringo, kama mito ya kulalia iliyorundikwa.

Na karibu zaidi: Mei 2018 matetemeko yalianza Mayotte, kisiwa kikazama zaidi ya sentimita 10. Mwaka uliofuata wanasayansi wakakuta volkano mpya kilomita 50 mashariki yake, yenye urefu wa mita 820 hivi, imejijenga juu ya sakafu ya bahari yenye kina cha mita 3,500. Ikaitwa Fani Maoré.

Je, wajua kwamba ule ufa wa Mai Mahiu, Kenya, uliozungushwa duniani kote Machi 2018 kama ushahidi kuwa Afrika inakatika vipande viwili, kwa sehemu kubwa ulichimbwa na maji ya mvua kwenye majivu laini ya volkano? Bara haliachani kwa wikiendi. Na si kila bonde la ufa hufika baharini. Bonde la Benue, Nigeria, lilianza pamoja na Atlantiki, likachoka njiani. Masisi nayo asiahidiwe mtu kiwanja cha ufukweni.

Ila udongo wa Masisi tayari unaifikia bahari kwa njia nyingine. Kinachomomonyoka milimani na kuingia Lowa hufuata Mto Kongo, na mdomo wa mto huu una kitu cha pekee: korongo la chini ya maji linaloanza ndani ya mto wenyewe na kushuka mpaka kilindini. Matope yanajirundika mlangoni, kisha siku moja yanaporomoka. Januari 2020, baada ya mafuriko makubwa ya mwisho wa 2019, mkondo wa mchanga na tope ulisafiri chini ya bahari zaidi ya kilomita 1,100 kwa siku mbili na kukata nyaya za SAT-3 na WACS zinazobeba intaneti ya Afrika Magharibi na Kusini. Agosti 2023 zikakatika tena palepale, na meli ya matengenezo Léon Thévenin ikalazimika kung'oa nanga Cape Town kwenda kuziunga.