Maji Yafundishwe Kwenda Pole

Kila mwaka katika miezi ya masika mito ya milima ya Usambara hugeuka rangi. Mto uliokuwa safi wakati wa kiangazi huwa mwekundu kama matofali, na watu wakipita darajani husema, "Mvua imenyesha huko juu." Neno hilo ni kweli, lakini halitoshi. Wekundu ule si wa mvua, maana mvua haina rangi. Ni wa mashamba. Ni udongo wa juu, wenye rutuba, pamoja na samadi ambayo watu waliibeba vichwani na kuitia shambani kwa taabu. Unasafiri, wala haurudi.

Yafaa tujue waenda wapi. Maji ya upande wa Soni hushuka hata Mombo na mwisho huingia katika Mto Pangani, ambao hupita Korogwe na mitambo ya umeme ya Hale ukaenda baharini. Maji ya kaskazini hukusanyika katika Mto Umba, nao huelekea pwani karibu na mpaka wa Kenya. Maji ya Usambara Mashariki, katika misitu ya Amani, huwa Mto Zigi, nao ndio unaojaza bwawa la Mabayani ambalo mji wa Tanga hunywa maji yake. Basi mkulima wa Amani na mtu wa Ngamiani mjini Tanga hawajuani kwa sura, lakini wanywa katika mtungi mmoja. Mmoja akiharibu juu, mwingine atachota tope chini.

Tuhesabu kidogo, maana hesabu huondoa ubishi. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Eka moja ina mita za mraba 4,047. Kwa hiyo mvua kubwa ya milimita 50 huangusha katika eka moja maji yapatayo lita 200,000, yaani madebe 10,000 ya lita 20. Haya ni mali ambayo Mungu ameyaleta mpaka mlangoni bila ujira. Yakizama ardhini, mahindi yatayanywa kwa wiki kadhaa na chemchemi zitayatoa polepole wakati wa kiangazi. Yakikimbia, hayatufai kitu, tena huchukua mali nyingine. Yakikwangua unene wa milimita 1 tu ya udongo, unene ambao jicho halitambui, eka hiyo itakuwa imepoteza tani 5 hivi za udongo.

Maji huanzaje kuiba? Kwanza tone la mvua huipiga ardhi tupu kama nyundo ndogo, likavunja madonge ya udongo. Vumbi lake laini huziba matundu ambayo maji yangepitia. Ndipo maji, yakikosa njia ya kuzama, hutelemka juu ya shamba lote kama shuka nyembamba. Mbele kidogo hukutana yakafanya vijifereji, na vijifereji vikikutana hufanya korongo. Tena kadiri mteremko ulivyo mrefu bila kizuizi, ndivyo mwendo unavyoongezeka. Na maji yakienda kasi mara 2, nguvu yake huwa mara 4. Kwa hiyo dawa zote za kuhifadhi udongo zina shabaha moja: kuyafundisha maji kwenda pole.

Wazee wengi wa milimani wakisikia habari hizi hukumbuka neno matuta, nao hukunja uso. Wana sababu. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianza huko Mlalo mpango wa kuzuia mmomonyoko, na baadaye mpango huo ukaenezwa katika sehemu nyingine za Usambara. Watu waliamriwa wapige matuta ya kukingama mteremko, na miteremko mikali waiache bila kulima. Aliyekataa alishtakiwa. Kazi ilikuwa nzito, na sehemu yake kubwa iliwaangukia wanawake, ambao ndio waliolima chakula cha nyumba. Mashamba yalikuwa madogo, tena watu walihofu kwamba ardhi itakayoachwa itatwaliwa. Upinzani ulikuwa mkubwa, na mpango ukaachwa kabla ya uhuru wa mwaka 1961. Huko Uluguru, mwaka 1955, kazi ya kukata ngazi za milimani ilileta ghasia na mtu akafa.

Katika habari hiyo yafaa tutenganishe mambo mawili. Udongo ulikuwa ukichukuliwa kweli. Jambo hilo halikuwa uongo wa wakoloni. Lakini kazi iliyoamriwa ilichukua nguvu na ardhi ya mkulima leo, na malipo yake yakawa ya kesho kutwa. Mtu mwenye njaa hawezi kungoja hivyo. Katika miaka ya 1980 mradi ulioitwa SECAP, wa ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani, ulishika njia nyingine huko Lushoto: mistari ya majani, vichaka na miti ikipandwa kukingama mteremko, na ng'ombe akafungiwa zizini na kulishwa majani yale. Hapo mstari uliozuia udongo ulitoa pia maziwa na samadi. Tofauti hii ndiyo msingi wa mashauri yanayofuata: kila kizuizi tutakachoweka shambani, na kiilishe nyumba.

Shauri la kwanza ni kuifunika ardhi. Hili halina gharama. Baada ya mavuno, mabua ya mahindi, majani ya migomba na magugu yaliyopaliliwa yasichomwe moto, bali yatandazwe juu ya udongo. Moto hutoa majivu ya siku moja, na mvua ya kwanza huyasomba. Matandazo huvunja nguvu ya tone, huzuia jua lisikaushe ardhi, na yakioza huwa chakula cha mimea. Katikati ya mahindi na mihogo zipandwe kunde au maharage, maana majani yake hutambaa na kuwa nguo ya shamba. Wazee wa Usambara walijua jambo hili kabla ya mtaalamu yeyote: migomba yao, pamoja na mazao mengine chini ya vivuli, haikuacha ardhi uchi.

Shauri la pili ni kupanda mistari ya majani iliyo sawa na maji, yaani isiyopanda wala kushuka. Jicho hudanganya sana mlimani, kwa hiyo pima. Chukua miti miwili iliyonyoka, yenye urefu wa mita 2, uifunge pamoja juu na kuitanua chini, kisha ufunge mti wa tatu katikati ukikingama, ipate umbo la herufi A. Kutoka kileleni uning'inize kamba yenye jiwe. Simamisha chombo, utie alama pale kamba inapogusa mti wa katikati. Kisha geuza, mguu wa kushoto ukae penye alama ya mguu wa kulia na wa kulia penye wa kushoto, utie alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo kamba inapokaa miguu yote ikiwa sawasawa. Sasa tembeza chombo hiki kukingama shamba, mguu baada ya mguu, ukipigilia kigingi kila mahali kamba inapotulia katikati. Mtoto wa shule aweza kuifanya kazi hii.

Na mstari wa pili uwe umbali gani? Simama penye mstari wa chini ukielekea mlimani, utazame mbele bila kuinua wala kushusha macho. Pale macho yanapogota ardhini ndipo pa mstari unaofuata. Kwa njia hii mlima wenyewe hutoa kipimo: penye mteremko mdogo mistari hukaa mbali, na penye mteremko mkali hukaribiana. Katika mistari hiyo panda majani ya Guatemala au majani ya tembo, mafungu mawili yakipishana ili maji yasipate upenyo. Udongo unaoshuka utakamatwa hapo, na kidogo kidogo shamba litajifanya ngazi bila mtu kubeba udongo. Majani yakatwe kwa ng'ombe na mbuzi kabla hayajatupa kivuli juu ya mazao. Asiye na mifugo na apande mananasi, au awape jirani majani kwa kubadilishana na samadi.

Shauri la tatu ni makingamaji. Shamba lililo chini ya njia, jabali au uwanja wa shule hupokea maji yasiyo yake. Basi juu ya shamba lichimbwe handaki linalokingama, lenye mwinamo mdogo sana, liyapeleke maji mahali penye nyasi nyingi au mawe. Penye udongo wenye kina, handaki la upana na kina cha futi 2 laweza kuchimbwa sawa na maji, udongo wake ukitupwa upande wa juu. Kazi hii wakulima huiita fanya juu. Lakini isifanywe penye mwinuko mkali sana wala penye udongo haba juu ya mwamba, maana maji yakijaa na ukingo ukipasuka, hasara itakuwa kubwa kuliko ya kwanza. Mahali kama hapo pafaa miti na majani tu. Na korongo likianza, lizuiliwe lingali changa kwa mawe na vigingi, kuanzia juu kushuka chini. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Shauri la nne ni kuweka maji akiba. Majirani zetu Wapare wana ndiva, mabwawa madogo yanayojazwa usiku na kufunguliwa mchana kwa zamu. Hekima yake yaonekana wazi: maji ambayo usiku yangepita watu wakiwa wamelala hungojwa mpaka asubuhi. Katika bonde lenye bustani za mboga, kama mengi ya Lushoto, zamu kama hiyo hupunguza ugomvi. Tena kingo za mito ziachwe zipumzike. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Mikaratusi isipandwe karibu na chemchemi, kwa sababu hunywa maji mengi. Miti ya asili ndiyo ifaayo.

Watu wa pwani wasidhani kwamba haya ni ya milimani tu. Huko Muheza, mchungwa uliozungushiwa kijibwawa cha nusu mwezi upande wa chini, na matandazo juu yake, hubaki na unyevu siku nyingi baada ya mvua. Matandazo yasigusane na shina, lisije likaoza. Huko Handeni, ambako mvua ni haba, matuta yafungwe kwa vijituta vidogo katikati, ili kila shimo lishike maji yake. Katika mchanga wa Pangani na Mkinga, samadi na majani yaliyooza hufanya kazi ya sifongo, maana mchanga peke yake hauna mkono wa kushikia maji. Nao wavuvi wana neno lao: matope mengi yanayoletwa na mito huyafunika matumbawe, na matumbawe yakifa, samaki hukosa nyumba.

Limebaki jambo lililo gumu kuliko jembe. Korongo halijui mpaka. Mkulima wa chini aweza kufanya kila kitu vyema, na mvua moja kutoka shamba la juu lisilo na kizuizi ikayavunja yote. Kwa hiyo kazi hii haifanywi shamba kwa shamba, bali mlima kwa mlima. Wenye mashamba ya mteremko mmoja na wakutane, hata wakiwa watu 8 au 10, waanzie kilele na kushuka. Wa juu ndiye atakayefanya kazi kwanza, na faida kubwa itamwendea wa chini. Basi haki ni wa chini apande kumsaidia wa juu siku za kuchimba. Wanawake waitwe katika baraza hilo na wapewe nafasi ya kusema, kwa kuwa mara nyingi wao ndio watakaoshika jembe. Yaliyopatikana Mlalo yametufundisha kwamba kazi iliyokatwa shauri bila mwenye jembe haidumu.

Wazee wa vijiji waweza kulianzisha baraza hilo. Walimu nao waweza kulitia nguvu kwa jaribio dogo. Jaza udongo katika visanduku viwili vilivyoinamishwa, kimoja kiwe tupu na kingine kifunikwe nyasi kavu. Mwagia kila kimoja maji sawasawa kwa kopo lenye matundu, uyakinge chini kwa bilauri. Bilauri moja itakuwa na tope jekundu, na ya pili maji machache yaliyo safi zaidi. Mtoto aliyeona bilauri hizo atakwenda kumwambia baba na mama yake, wala hatahitaji maneno mengi.

Kazi ina msimu wake. Mistari ipimwe na makingamaji yachimbwe wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, watu wakiwa na nafasi. Majani yapandwe mvua za vuli zinapoanza, yashike mizizi kabla ya masika. Anayengoja masika ndipo achukue jembe atakuta maji yamekwisha mtangulia.